Fuvu la Sukari

Marhoon alipofariki, mwaka 1999, mkewe Rahila alikaa eda katika nyumba yao ya Al Hail, ng'ambo ya bahari kutoka kwao Unguja. Dada wa marehemu, Sayyida, akahamia pale kumwangalia. Sayyida alikuwa mwanamke wa amri. Alikusanya kanzu za Marhoon, kofia, bakora na hata miwani yake, akavifungia chumba cha nyuma na ufunguo akautia kifuani.

"Tusimtajetaje," alisema. "Ukimtaja utalia, na kilio kikizidi si kizuri kwa maiti."

Basi hakutajwa. Rahila hakuweza kutoka, mapazia yalishushwa mchana kutwa, na jumba lile kubwa likambana kama sanduku. Alitembea kutoka jikoni mpaka ukumbini, akarudi. Wanawake waliokuja kumpa mkono walizungumza joto na harusi za mtaa wa Darsait, chochote isipokuwa yule aliyewaleta pale. Akizidiwa, alijifungia chooni, akafungulia maji mpaka mwisho, akalisema jina la mumewe kwa sauti.

Nyumba ya pili alikaa Ofelia, Mmexico aliyemfuata mume wake mhandisi. Yeye na Rahila walikuwa wakipelekeana sahani za chakula tangu zamani, wakielewana kwa Kiingereza, cha Rahila cha skuli ya Unguja na cha Ofelia cha kuokoteza. Mwanzoni mwa Novemba, Sayyida akiwa amekwenda mjini, Ofelia aligonga mlango na sahani iliyofunikwa kitambaa.

Chini ya kitambaa palikuwa na fuvu la kichwa, jeupe, kubwa kama chungwa. Macho yake yalizungushiwa maua ya rangi, meno yote nje, linacheka. Kwenye kipaji cha uso pameandikwa kwa rangi nyekundu: MARHOON.

Rahila akaruka nyuma. "Audhubillahi! Nini hiki?"

"Sukari," Ofelia alijibu haraka. "Nimelitengeneza mwenyewe. Usiogope, kaa."

Akamweleza. Kwao, siku hizi za mwaka, maiti huja kuwatembelea watu wao. Huwekewa meza yenye maua, mishumaa na chakula walichokipenda, na mafuvu ya sukari yenye majina. Hata walio hai hupeana, rafiki kwa rafiki, na jina la mpewa juu yake, kwa sababu chini ya ngozi hakuna tajiri wala maskini, sote tuna uso huo huo. Na linacheka kwa kuwa kifo wanakijua, wanakaa nacho mezani.

"Sisi haturudi," Rahila alisema. "Akishazikwa mtu, kazikwa."

"Najua. Sikukuletea ili arudi. Nimeona hapa hakuna anayemtaja."

Rahila alilitazama lile jina. Tangu mazishi hakuliona limeandikwa popote. Akaanza kusema: jinsi Marhoon alivyokuwa akiimba akinyoa ndevu, jinsi alivyoogopa paka. Alikuwa bado anasema, anacheka na machozi yanamtoka, Sayyida alipoingia.

"Sihri hiyo!" Sayyida alipiga ukelele. "Nyumba ya msiba unaletewa kichwa cha maiti? Na jina la ndugu yangu?"

Ofelia aliomba radhi, akatoka. Sayyida akalinyakua fuvu.

"Ni sukari tu, wifi," Rahila alisema.

Sayyida, aliyekuwa akielekea jikoni nalo, akasimama. "Sukari? Unamwekea sukari, na sukari ndiyo iliyomuua?"

Kweli ndiyo iliyomuua. Ilianza na mguu, ikamalizia mafigo. Rahila alikuwa ameiondoa nyumbani kabisa. Chai waliinywa chungu wote wawili. Lakini kila wakienda hospitali maradhi yamepanda, na daktari anamtazama Rahila kama mwenye kosa.

"Na nani alokuwa akimpa?" aliuliza Rahila. "Nlikuwa nkisafisha gari, wifi. Nkikuta makopo ya halua chini ya kiti. Nayajua makopo yako."

Sayyida akalirudisha fuvu kwenye sahani, polepole, kama kitu cha moto.

"Akiniomba," alisema. "Mimi ndo nliyemlea. Ningemnyima vipi?"

"Mimi nlimnyima. Kila siku. Akanichukia kwa hilo, na kafa amenichukia. Wewe ukanifungia jina lake ili nisikuulize."

Sayyida alikwenda chumbani kufunga nguo zake, na Rahila akamsikia akifungua sanduku, kisha akilifunga. Hakuondoka. Angewaambia nini watu, kwamba kamwacha mjane peke yake katikati ya eda? Na Rahila naye angekwenda wapi? Mlango wa nje ulikuwa wazi vile vile Ofelia alivyouacha, jua limeingia mpaka kwenye zulia, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuutumia.

Wakabaki humo mpaka eda ilipokwisha. Waligombana karibu kila siku, kwa sauti, juu ya Marhoon: alipenda nini, nani alimjua zaidi, nani alimdanganya. Hawakusameheana. Lakini asubuhi moja Rahila aliingia jikoni akamkuta Sayyida ameiweka ile sahani ya fuvu ndani ya sinia la maji, sisimizi wasilifikie, na anapangusa kwa ncha ya kanga wale waliokwisha kupanda.