Sitini na Sita kwa Pumzi Moja
...na kama huamini kwamba mimi, Boadi wa bolti, niliyeacha shule darasa la tano nikiwa bado najumlisha kwa vidole, nimesimama saa hii mbele ya benchi la wazee wa kanisa hapa Suame na kuwamwagia Biblia nzima, vitabu sitini na sita kwa pumzi moja, basi usiamini, kaa nako huko kutoamini kwako, wao wameamini, ona wanavyonong'onezana, vichwa vitatu pamoja kama mbuzi kwenye beseni moja, katikati katekista Ampem, kushoto yule mzee anayesinziaga kila ibada, na kulia Mzee Ofosuhene, baba yake Serwaa, aliyeapa kwamba binti yake hafungi ndoa na mtu asiye na kipaimara, halafu mwenyewe akanifelisha huo mtihani wa kipaimara mara mbili, mbili, huku anachekea puani... leo ni ya tatu na ndiyo ya mwisho, nikianguka tangazo letu la ndoa halisomwi na Serwaa anapelekwa Takoradi kwa shangazi yake, namwona kupitia dirisha anajifanya anafagia uwanja, mahali palepale amepafagia mara tatu, tulia mpenzi, nani aanguke, mimi? Ampem anasema kitu, "lakini huyu hata shule..." nasikia, masikio yangu yamekulia kwenye nyundo za gereji mia lakini umbeya yanaushika, ndiyo, shule sikumaliza, nilikwenda dukani kwa Maame Birago, miaka minane nampangia bolti kwenye rafu, na Biblia ni nini kama si duka lililopangwa na mtu mwenye akili zake, hivyo hivyo niliwaambia, ukuta huu Agano la Kale, thelathini na tisa, ukuta ule Agano Jipya, ishirini na saba, rafu ya juu kabisa vitano vya Musa, kila kitu kinaning'inia hapo, chini yake kumi na viwili vya historia, Yoshua mpaka Esta, waliotawala na waliopinduliwa, kisha vitano vya hekima na mashairi, vya mtu mwenye maumivu au mwenye mapenzi, kisha manabii wakubwa watano, wadogo kumi na wawili, kila mmoja kwa jina lake, na hapo ndipo Mzee Ofosuhene akatega mtego wake, uleule wa mwaka jana, akaegemea mbele na kuniuliza taratibu, "Haya kijana, hao manabii wadogo, udogo wao uko wapi, kwenye umri au kwenye imani?" na mwaka jana nilisema imani, wakacheka mpaka wanakwaya, mama yangu akajifunika uso kwa kitambaa, wiki nzima hakunipikia fufu... leo nilimtazama tu, nikamwambia, "Kwenye urefu wa kitabu, mzee. Bolti fupi si bolti mbovu," na yule anayesinziaga akaamka, wallahi akaamka, akataka nirudie. Kisha nikavuka ukuta wa pili, Injili nne, Matendo peke yake kwenye rafu yake, barua ishirini na moja, Ufunuo pale mlangoni pa kutokea, na Ampem mwenye cheti cha ualimu akaona aniokoe kwa kunifundisha, eti Warumi imetangulia kwa sababu Paulo aliiandika kwanza, nikasema hapana katekista, hizo za Paulo zimepangwa kama ninavyopanga mimi, ndefu mbele, fupi nyuma, za makanisa kwanza halafu za watu, ndiyo maana Filemoni yuko mkiani, akalowesha kidole, akafunua, akafunua tena, akaifunga Biblia yake, na Mzee Ofosuhene, baba mkwe wangu, sasa namwita hivyo, akatikisa kichwa kwa kukubali, leo jioni gereji zote zitanijua, nitasimama juu ya tairi niwahesabie rafu kwa rafu, wale kumi na wawili nitawaimba, Hosea, Yoeli, Amosi, Yona, Mika... ngoja, Nahumu, Habakuki, Sefania, Hagai, Zekaria, Malaki, ni kumi na moja... Boadi, hesabu vizuri wewe, Hosea, Yoeli, Amosi, Yona... kumi na moja, na ndivyo nilivyowatajia, hivyo hivyo, Amosi halafu Yona, na katikati yao, lo, Obadia, kitabu chenye sura moja, ukurasa wenyewe ukipiga chafya umeupita, nimemruka na hakuna aliyesikia, wananong'ona bado, nasikia "anastahili," nasikia "Jumapili hii," na nikinyamaza Serwaa ni wangu, nyamaza, nani atajua... lakini dukani kwetu bolti zinahesabiwa kwa sauti, moja moja kwenye kiganja cha mteja, kwa sababu siku niliyompa dereva kumi na moja za kichwa cha injini badala ya kumi na mbili, Maame Birago alinitembeza kwa miguu mpaka Tafo kwa dereva huyo, juani, nikiwa nimeshika bolti moja, na hakunitukana, hiyo ndiyo iliyoniuma, na Serwaa nikimpata kwa hesabu pungufu nitamwambia nini kila manabii wakisomwa... Mzee Ofosuhene bado ameinama, Ampem bado anatafuta kalamu, wazee watatu, miwani mitatu, miaka sitini ya Biblia kati yao, na humu ndani anayejua kwamba nimekosea ni mmoja tu, ni mimi, mnaona sasa nani bingwa, Serwaa nisamehe, fagia tena hapo mara ya nne, mkono wangu huo unapanda wenyewe, wazee, kabla hamjasema, naungama, niliwapa sitini na tano, Obadia nilimwacha nje, na nyie watatu hamkumwona.