Mkamwana Amelala

...na kikohozi je, mbona leo hakukohoa, kila siku mzee akifika pale kwenye mparachichi wa njiani hukohoa mara mbili, kikohozi kikavu cha mtu asiyeumwa kifua, ili mkamwana asikie na apate muda wa kuingia ndani au kupita nyuma ya jiko, miezi miwili sasa Atupele anakisikiliza kikohozi hicho kuliko anavyosikiliza redio, na leo, leo ambayo ametoka kitandani kinyume cha amri ya nesi, leo ndiyo baba mkwe amekuja kimya, na si peke yake, yuko na mwanawe Asajile, mume wa Atupele, na yuko na yule fundi seremala Ahmadi kutoka Tukuyu mwenye penseli sikioni, wamekaa juu ya tofali za chumba kipya, hatua kumi na tano kutoka hapa, kati yake na mlango, kati yake na choo, na yeye amechuchumaa nyuma ya mgomba ndani ya magimbi kama kuku anayeatamia, kitenge kimelowa mvua ya asubuhi iliyobaki kwenye majani, simu mkononi, tumbo limekaa juu ya mapaja kama gunia ambalo mtu ameliweka hapo akasema shikilia kidogo, narudi. Hakukohoa kwa sababu anajua mkamwana yuko ndani amelala ubavu wa kushoto. Ndivyo alivyoambiwa. Ndivyo wote walivyoambiwa, nesi aliandika kwenye kadi ya kliniki kwa kalamu nyekundu, presha iko juu, apumzike, na mama mkwe kabla ya kwenda kwenye msiba kule Suma alimfunika blanketi mwenyewe akamwambia mwanangu usiinuke, hata kuku wakiingia jikoni waache wale, na yeye akajibu ndiyo mama, na mguu wa mama mkwe ulipopotea tu njiani akainuka. Kwa ajili ya simu. Mtandao unashika hapa tu, nyuma ya mgomba huu wa tatu, tena usimame na mkono uuinue juu ya majani, na aliusimamisha, na ujumbe wa Rehana wa kazini ukaingia, na ndipo akasikia sauti za wanaume kwenye kona, akashuka chini kama aliyepigwa.

"Mlango uwe mpana, fundi," mzee anasema, kwa Kiswahili kwa sababu ya Ahmadi, ambaye babu yake alikuja na nguo za kuuza kutoka pwani na yeye amezaliwa hapo hapo Tukuyu lakini akijibu Kinyakyusa watu huwa wanashika mbavu. "Mutu apite na mutoto mgongoni na ndoo kichwani, asigonge."

"Huyo ni mtu au lori, mzee wangu?"

"Ni mukamwana wangu."

Wanacheka, na Asajile anacheka pia, anakijua kicheko hicho, kinaanza baada ya cha wenzake na kinaisha kabla ya cha wenzake. Mkamwana wangu. Mzee hajawahi kumwona uso vizuri, huyo mkamwana wake, na yeye hajawahi kumwona vizuri mkwe wake zaidi ya mgongo, koti la kijivu, kofia ya sufu, na ule mkono unaoacha chupa ya maziwa kwenye kizingiti kila asubuhi, mkono wenye kidole kimoja kilichopinda. Mjini watu wanakaa na wakwe zao meza moja wanapigania mnofu wa kuku, vijana wengi hata hapa Masoko wameacha mambo haya, lakini mzee ni wa zamani, na mama mkwe alimweleza siku ya kwanza huku akimenya ndizi, mwanangu si chuki, ni heshima, hupiti alipo, huketi alipoketi, jina lake hulitaji, utazoea, mimi nilizoea. Angeweza kusimama sasa hivi. Kusimama tu, shikamoo baba, samahani baba, nimebanwa mkojo baba, na kupita. Angeweza kama si ile wiki ya pili, kwenye bomba la maji, alipogeuka na ndoo na mzee akatokea kwenye kona, wakakutana ana kwa ana kwa kitambo cha kupepesa jicho, na kabla yeye hajajua afanye nini, mzee wa miaka sabini na ushee akaruka mtaroni. Akaruka! Kwa ajili ya kumheshimu yeye. Goti likavimba, mama mkwe akalikanda kwa maji ya moto siku nne, na hakuna aliyemlaumu, hata neno, na maziwa hayakukosa mlangoni hata siku moja, aliyaleta akichechemea, alimsikia, hatua, fimbo, hatua, fimbo, kikohozi. Afadhali wangemtukana. Mtu akikutukana unajua pa kusimama.

Unarudi au hurudi, ndivyo Rehana alivyoandika, bosi anataka jibu leo kabla ya saa kumi, dada, ukinyamaza meza ya pili anapewa Jenifer. Saa tisa na dakika thelathini na nane. Meza ya pili ni yake, misimu mitatu ameisimamia kwenye kituo cha kuchambua parachichi mjini, wasichana kumi na mmoja chini yake, kofia za nailoni, mabuti, suruali, anashika tunda bila kulitazama na kiganja kinamwambia daraja lake, kinamwambia hili limeanguka, hili limechumwa changa, hili litafika safari ndefu, na watu walimwita dada mizani. Sasa kiganja hicho kinashika nini, vidonge vya damu, kikombe cha uji usio na chumvi, kila kitu hakina chumvi, ndizi hazina chumvi, maharage hayana chumvi, na chai ya rangi aliyokuwa akinywa vikombe vitano kwa siku imekuwa maji ya moto na maziwa ya mzee, na suruali ziko kwenye mfuko wa sandarusi juu ya kabati, mama mkwe alizikunja vizuri sana, kama nguo za marehemu. Mwili huu ulikuwa wake. Sasa ni kama shamba la ushirika, kila mtu ana neno, lala hivi, usiinue kile, usipande pikipiki, usikae mlangoni, na wote wana nia njema, hilo ndilo linalochosha, hamna hata mmoja wa kumchukia. Wiki mbili tu, Asajile alisema, presha ishuke, Tukuyu utakuwa peke yako chumbani mimi niko dukani nauza misumari, ukianguka nani atakuokota. Alikuwa sahihi. Wiki mbili zikawa nne, nne zikawa nane, presha ikashuka ikapanda, na siku moja akasikia sururu nje, akachungulia dirishani akaona koti la kijivu likichimba msingi.

Mguu wa kushoto umekufa ganzi. Mtoto amekaa juu ya kibofu, ameketi kabisa, kama mgeni asiye na haraka.

Lakini leo atasema. Aliahidi. Jumamosi iliyopita, kitandani, kwa kunong'ona kwa sababu ukuta ni mwembamba, Asajile aliweka mkono juu ya tumbo akasema nikija wiki ijayo namwambia tata, namwambia baba, mtoto akifikisha miezi mitatu tunarudi mjini, utapata dada wa kazi, utarudi kwenye meza yako, chumba kitakuwa cha wageni, na yeye akamuuliza utamwambia kweli, akasema kwani mimi mtoto? Kwa hiyo aseme. Sasa hivi ni nafasi, Ahmadi anauliza kuhusu dirisha, dirisha lielekee wapi.

"Huku," mzee anasema, "kwenye migomba. Mutoto aamke aone shamba lake."

Wameelekea huku. Atupele anainamisha kichwa mpaka pua inagusa shina, harufu ya utomvu, harufu ambayo miezi ya kwanza ilimtapisha na sasa haimfanyi kitu, hata hilo limebadilika bila kumwomba ruhusa.

"Hawa watakaa moja kwa moja, au ni chumba cha likizo?" Ahmadi anauliza. "Nauliza kwa sababu ya mbao, mzee. Ya likizo naweka nyepesi."

Asante fundi, Mungu akubariki, hapo sasa, hapo, mlango umefunguliwa na seremala mwenyewe, sema Asajile, sema tata nilitaka kuzungumza nawe jambo... na jogoo wa jirani anawika, mtu anapiga kokoto kwa kiatu, ni Asajile huyo, akiona aibu hupiga kokoto.

"Weka nzito," mzee anasema. "Huyu ndiye wa mwisho kwangu, wengine wametawanyika, Wilson yuko Dar hata kupiga simu hapigi. Huyu amerudi na muke wake. Si ndiyo, Asajile?"

"Ndiyo, tata."

Ndiyo tata. Maneno mawili, kama mtu anayefunga ndoo kwa mfuniko. Ngoja, labda anajipanga, labda anataka fundi aondoke kwanza, si vizuri kumwambia baba mambo ya nyumbani mbele ya watu, ndiyo, hilo lina maana, atasema baadaye, jioni, au kesho kabla ya kanisa, lakini saa kumi haitangoja kesho, na Jenifer ana vidole vyepesi, Jenifer atafaa, yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

"Na wa kiume akizaliwa," mzee anaendelea, na sauti imelainika, haijawahi kuisikia hivyo, sauti ya mtu anayeona kitu kizuri mbali, "ataitwa jina langu." Na akalitaja. Alilitaja lote, na jina la baba yake juu yake.

"Ndiyo, tata."

Jina lile. Ambalo yeye hajalitamka hata siku moja, hata kliniki, nesi alipouliza jina la baba wa mume ili amtafute kwenye daftari la kijiji alisema simjui, nesi akamtazama kama mjinga, na Rehana alipomuuliza kwenye simu akicheka, mkweo anaitwa nani basi, hata huku hasikii, alinyamaza, na Rehana akasema makubwa! Sasa mtoto atatoka ndani yake, atamnyonyesha, atamsafisha, atamwona akitambaa kuelekea motoni, atamwita nani? Atapiga makofi? Atasema wewe, we mtoto, shii? Alifikiri ni suala la chumba, kumbe hata mdomo, hata mdomo wake umejengewa ukuta, na ukuta huo umejengwa kwa upendo, kwa goti lililovimba, kwa chupa za maziwa.

"Shika huku, kijana," Ahmadi anasema, na Asajile anainuka kushika ncha ya futi ya kupimia, anarudi kinyumenyume mpaka kwenye kona ya msingi, anageuka kuangalia anapokanyaga, na macho yake yanaangukia magimbi. Yanaangukia kitenge cha njano. Yanapanda. Wanatazamana.

Ameniona. Sasa. Si lazima aseme lile kubwa, lile tumeshindwa, aseme dogo tu, tata, njoo tuone mbao kule mbele, tata, fundi anaomba maji, ana njia mia, amchukue baba yake hatua kumi tu apite akakojoe kama binadamu, na midomo ya Asajile inafunguka kweli, anamwona akiifungua, ana matope kwenye suruali, amenyoa vibaya chini ya kidevu, na mzee kutoka kule nyuma anasema kwa sauti ya chini, sauti ya huruma, "Tushushe sauti jamani, mukamwana amelala," na Asajile, macho yakiwa bado hapa, juu yake, anasema,

"Ndiyo, tata. Amelala."

Na anageuka. Na ncha ya futi ameishika vizuri sana, kwa mikono miwili, kama mtoto aliyetumwa. Ajabu ni kwamba hasira haiji, anaitafuta haipo, anachokiona ni mgongo wa Asajile tu, mabega yamekunjwa, shingo imeingia ndani, magoti yamepinda kidogo, na anaujua mkao huo, ni huu huu alioukaa yeye sasa hivi, mume wake amechuchumaa pale peupe, hana hata mgomba mbele yake, na amechuchumaa hivyo miaka thelathini na moja, na yeye alikuwa akimngoja huyo amsimamishe. Jumamosi nane amemngoja. Hatasema jioni. Hatasema kesho kabla ya kanisa. Si mbaya, hajawahi kuwa mbaya, ila ndani hamna mtu wa kusema. Saa tisa na hamsini na moja. Kidole gumba kinaandika, kinafuta, kinaandika, Narudi. Nitakuja na mtoto. Meza isipewe mtu. Anabonyeza, na kiduara kinazunguka, kinazunguka, hakuna mtandao huku chini, huku chini hamna hata kistari kimoja, alilijua hilo, mtandao uko juu ya majani. Mkojo wa kwanza unamtoka kidogo, wa moto, unashuka pajani, basi, na ushuke. Hawezi kusimama, mguu umekufa, na mzee ataruka tena, goti halitapona mara ya pili. Lakini mkono haujafa ganzi. Mkono si uso. Anauinua taratibu, kiwiko, kiganja, simu, mpaka upenye majani ya magimbi na kutokeza upande wa pili ukitazama mawingu, mkono peke yake, kama mwanafunzi aliyebanwa anayeomba ruhusa ya kwenda nje, na Asajile ameuona, anajua ameuona kwa jinsi futi ilivyocheza, na Ahmadi anasema, "Mlango sentimita tisini, mzee, niandike?" na mzee ananong'ona, "Andika," na mkono unabaki pale pale juu, unaanza kuuma begani, haushuki.