Shuka Stendi ya Zamani

Fundi cherehani alikuwa hodari wa kuelekeza watu. Mteja akipotea, humleta kwa simu kona kwa kona mpaka mlangoni, na kabla hajakaa keshamtania kwamba amepita mbele ya duka mara mbili. Mtaa ule hauna namba za nyumba. Fundi asiyejua kuelekeza atabaki kushona nguo zake mwenyewe.

Chumba cha nyuma ya duka kilikuwa na siri. Humo walijificha mdogo wake wa kike na binti wa huyo mdogo, tangu walipomtoroka mume wa mdogo mtu, aliyemvunja mkono na kuapa kwamba akimpata tena hatamwacha hai. Walihamia mji huu wote watatu. Mdogo mtu alitupa laini ya simu, akafuta picha zake mtandaoni, akawa hatoki hata kuanika nguo. Fundi naye hakumwambia mtu, hata mama yao mzazi. Kwa kutunza siri alikuwa kaburi.

Basi mtoto akaanza kulilia viatu.

"Mama mkubwa, vidole vinauma."

Roho ikamuuma fundi. Akashika simu, akaingia kwenye ukurasa wa muuza viatu vya watoto, na chini ya picha ya viatu vyekundu akaandika kwamba anavitaka.

Muuzaji hakukawia: "Karibu dada! Vya umri gani, na tukuletee wapi?"

Hapo mkono ukaitangulia akili. Badala ya kumfuata muuzaji faraghani, fundi alijibu palepale, mbele ya dunia nzima, kama anavyomjibu kila mteja aliyepotea: "Binti wa miaka mitano. Shuka stendi ya zamani, fuata njia ya mashine ya kusaga, geti la kijani, uliza fundi." Akaongeza na namba ya simu. Jina lake na sura yake vilikaa juu ya maneno hayo, na kila anayemjua anajua kwamba hajawahi kuzaa. Wazee walisema mdomo uliponza kichwa. Vidole vyetu hawakuviona, wakapumzika salama.

Kesho yake mchana geti likagongwa.

"Mzigo!"

"Viatu vyangu!" mtoto akapiga kelele kutoka chumba cha nyuma.

Fundi akafungua huku anacheka, utepe wa kupimia ukimning'inia shingoni. Mwanamume aliyesimama pale hakuwa na mzigo wowote.

"Shikamoo, shemeji," alisema, kwa adabu ileile aliyokuja nayo siku ya kuposa.

"Marahaba." Mdomo wa fundi uliitika wenyewe, kwa mazoea.

"Hongera, unajua kuelekeza. Sikuuliza mtu hata mmoja njiani."

Fundi akalisukuma geti kwa nguvu zake zote, lakini mguu wa shemeji ulikuwa umeshaingia. Nyuma yake akasikia kitasa kikizungushwa, kisha miguu midogo, peku, ikikimbia kuja kupokea viatu.