Mapumziko ya Timu Isiyokuwapo

Jumamosi ile Enid Throssell alifungua kibanda chake cha chai uwanjani saa nane mchana, kama alivyofanya kila Jumamosi ya mechi tangu aolewe mjini Oxmere, ingawa timu ya mji huo haikuwapo tena. Wiki chache nyuma wakubwa wa klabu walikuwa wameiunganisha na Staveling, mahasimu wao wa mji wa jirani wenye uwanja mpya wa viti vya plastiki. Wachezaji wakahama, jina likahama, hata nyavu zikabebwa. Zilibaki nyasi, milingoti ya magoli na Enid, na Enid alikuwa amefura.

"Wameuza mpaka jina!" alimwambia kila aliyefika kuchukua chai. "Kwani walilinunua wao?"

Jina lilikuwa la wafyatua matofali, walioanzisha klabu na kukatwa mishahara kwa kutoroka kazini kwenda kucheza. Klabu iliwahi kufungwa kumi na nne bila, na wiki iliyofuata watu wakaja wengi zaidi. Siku moja upepo uling'oa paa la jukwaa katikati ya mechi, na mechi ikaendelea. Kombe la maana hawakuwahi kulishika. Enid hakuona aibu hata chembe. Kumshangilia anayeshinda, alisema, hata paka anaweza.

Leo alikuwa akimsubiri Bwana Haddow, katibu wa ligi ya wilaya, ligi ya chini kuliko zote. Enid alikuwa amemwomba Oxmere waanze upya humo kwa jina lao. Haddow akikataa, mwenye ardhi angefunga geti Jumatatu, na habari yao ingeishia hapo.

Kufikia saa tisa watu kama hamsini walikuwa wamesimama mvuani nyuma ya goli la juu, skafu za kijani shingoni. Saa tisa na nusu Haddow alifika na mwavuli, akautazama uwanja mtupu, kisha akaja kibandani.

"Bi Enid, sitakuzungusha. Sioni wachezaji, sioni kocha. Wenzangu niwaambie nini, kwamba kuna klabu ya chai?"

"Waambie kuna klabu. Wachezaji tunawabadilisha kila msimu kama soksi."

"Klabu bila timu?"

"Mimi nilidaka hapa miaka tisa," alidakia Clem Ruddock, mzee wa goti bovu, "na timu haikuwapo hata wakati huo."

Watu waliangua kicheko. Haddow hakucheka.

"Samahanini. Jibu ni hapana," alisema, akaelekea getini.

Enid alitua birika mezani kwa kishindo.

Ilipofika saa kumi kasorobo Clem alitazama saa yake, akainua kola ya koti, akaanza kuchechemea kuelekea upande wa pili. Wote wakamfuata. Mashabiki wa Oxmere husimama nyuma ya goli ambalo timu yao inalishambulia, na wakati wa mapumziko, timu zikibadilishana magoli, nao huhama. Walikuwa wamefika nusu ya njia Clem aliposimama ghafla.

"Jamani, tunakwenda wapi?"

Walitazama nyasi tupu. Mmoja alivua kofia kama aliyefika msibani.

Enid akatoa kichwa nje ya kibanda. "Mnakwenda goli la chini! Kwani kipindi cha pili mtakishangilia mkiwa katikati ya njia? Tembeeni, wavivu nyie!"

Wakacheka, wakatembea, na mtu fulani akaanzisha wimbo wa kuwatukana Staveling.

Haddow alikuwa bado amesimama getini, akiwatazama. Alirudi taratibu.

"Wanafanya nini?"

"Mapumziko. Wanahama goli."

"Nani amewaambia?"

"Nani awaambie?" Enid alimfokea. "Sisi ni Oxmere!"

Haddow aliukunja mwavuli, mvua ikimnyeshea. Aliwatazama wale watu wakijipanga nyuma ya goli la chini, wakilizomea jukwaa tupu kana kwamba mahasimu wamelijaza.

"Ligi inaanza Agosti," alisema mwishowe. "Niletee kumi na mmoja. Angalau wawe na miguu."

Enid alitaka kulia na hakutaka Haddow amwone. Alimsukumia kikombe cha chai. Halafu akafunga kibanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mechi ikiendelea, akakimbilia nyuma ya goli la chini na kupiga kelele mpaka sauti ikamkauka.