Lipu ya Marehemu

Ukuta wa upande wa kaskazini wa kanisa kuu ulikuwa unavuja maji, na mbele yake alikaa mkaidi mmoja, kagoma kata kata kuondoka. Mkaidi huyo alikuwa mama mzazi wa fundi.

Fundi mwenyewe, binti aliyeshika nyundo na tindo, hakuwa na muda wa kubembeleza. Msanifu wa majengo alikwisha sema: ukuta usipokauka kabla ya mvua kubwa, tao lililo juu yake litaporomoka. Na kosa, jamani, lilikuwa la marehemu baba yake.

Ukuta ule una marika yake. Chini kuna mawe meusi ya waashi wa kwanza, yameshikwa kwa chokaa. Juu yake matofali mekundu, yaliyopangwa baada ya tetemeko kuangusha paa la zamani. Halafu akaja baba na saruji, aliyokuwa akiiita "dawa ya ukuta". Akapiga lipu laini, inang'aa, watu wakamsifu weee! Kumbe chokaa hupumua, saruji haipumui. Maji yakafungiwa ndani miaka yote hiyo, yakila mawe kimyakimya.

"Ukiigusa hiyo lipu, unamzika baba yako mara ya pili," mama alisema.

Kila Jumapili alikaa papo hapo, kiganja ukutani. Kaburini haendi ng'o. Kaburi, alisema, lilijengwa na watu baki.

Binti alimpenda baba yake kupita kiasi, maana ndiye aliyemfundisha kushika hiyo nyundo. Hata hivyo akapiga magoti kando ya mama.

"Basi kaa, mama. Nitaanzia huku pembeni. Lakini siachi."

Akapiga. Pande la lipu likadondoka puu! Mama akafumba macho, akayafumbua, akanyoosha mkono kugusa jiwe lililobaki wazi. Likamomonyoka vidoleni mwake kama mkate uliolowa chai. Akavitazama vidole vile, machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

"Na ile nguzo ya nyuma ya madhabahu?" akauliza.

"Ina nini?"

"Nayo ni kazi yake. Alinikanya nisimwambie mtu, maana aliipiga lipu bila ruhusa." Mama akainuka, akakunja mikono ya gauni. "Twende nikuonyeshe, mwanangu, kabla moyo haujanigeuka."