Mlango wa Bibi na Kiti cha Profesa

Kwa miaka mingi Mahnush alilichambua shairi moja tu la mapenzi, la kale, hadi mama yake akamuuliza kama ameolewa nalo. Mwishowe akaupata uti wa mgongo wa shairi lile. Walimu wote hufundisha kwamba pale bibi anayependwa na shah, mfalme wa Uajemi, anapomfungia mlango, theluji ikimdondokea, ni kikwazo tu njiani kuelekea harusi. Si kweli hata kidogo. Kila kisa kilichotangulia mlango ule kina mwenzake baada yake, kwa mpango wa kinyume, cha kwanza kikilingana na cha mwisho. Hadithi nzima imejengwa kuuzunguka.

Akauandika ugunduzi huo, akampelekea msimamizi wa tasnifu yake, Profesa Kiyanfar. Mzee akasoma mpaka chai ikapoa.

"Binti yangu, hii ni lulu."

"Haina thamani mbele yako, Profesa. Ni yako."

Ndivyo tusemavyo kwa adabu kwetu mjini Shirazi. Hata dereva wa teksi hukwambia safari ni bure, na ole wako ushuke bila kulipa. Hakuna mwenye akili zake anayechukua. Kiyanfar akachukua.

Siku ya kongamano Mahnush akamsikia akiueleza mlango, mwanzo hadi mwisho, kama wake. Na bila mlango ule tasnifu ya Mahnush ilikuwa makaratasi ya kufungia karanga.

"Kamwambie," akanong'ona rafiki yake Ferishte.

"Nimemwambia asubuhi, nilipoiona ratiba. Kanijibu, si ulinipa mwenyewe?"

"Ana uso mkavu huyo."

"Na kweli nilimpa. Kwa mdomo wangu huu."

Jamani, utamwitaje mwizi mtu uliyemkabidhi mwenyewe? Akilalamika, wataambiana kwamba binti huyu hakulelewa.

Ukumbi ukapiga makofi. Kiyanfar, kitini pake jukwaani, akamwona, akaweka mkono kifuani, sauti ikawa asali.

"Yupo hapa mwanafunzi wangu, Mahnush. Kwa haki, kiti hiki ni chake. Mimi nimemshikia tu."

Watu wakatabasamu, wakageuka kumtazama. Ilimpasa ainuke nusu, ainamishe kichwa, aseme yeye ni vumbi la miguu ya mwalimu wake, kisha akae.

Mahnush akainuka, akapita katikati ya viti, akapanda jukwaani.

"Nashukuru, Profesa," akasema, akasimama kando ya kiti kumngoja aondoke.