Nusu Yetu Ni Skrubu

Sheria ilisema gari likitaka kuitwa la nyumbani, nusu ya vipande vyake sharti viwe vimetengenezwa nyumbani. Haikusema vipande gani. Injini ilikuja na meli ndani ya kasha, giaboksi hali kadhalika, na taa, na vioo, na hata usukani. Kitu pekee ambacho kiwanda kiliweza kukitengeneza chenyewe ni skrubu. Basi wakubwa wakakaa, wakapiga hesabu, wakaona njia nyeupe: gari litiwe skrubu mpaka nusu itimie. Mlango ambao dunia nzima huridhika na bawaba mbili, wao waliukaza skrubu kila palipobaki nafasi, na pasipo nafasi wakatoboa.

Msimamizi wa wakazaji alikuwa mama mwenye sauti nzito na viganja vigumu. Kiwanda kizima kilimwita Mama Skrubu, na jina hilo hakulichukia. Wanawake waliokuwa chini yake walisomesha watoto kwa bisibisi, na yeye mwenyewe alikwishajenga chumba na sebule kwa bisibisi hiyohiyo. Alijua fika kwamba nyingi kati ya skrubu zile hazishikilii chochote, na gari likishaonja barabara kidogo hulegea na kuanza kugombana. Lakini alifunika kombe mwanaharamu apite.

Ukuta wa mbele uliandikwa kwa rangi nyekundu: MKATAA KWAO NI MTUMWA. Nyuma ya ukuta huohuo Mkurugenzi aliegesha gari lake la kutoka nje, kalifunika turubai. Aliyethubutu kuuliza aliambiwa kwamba lile ni la kumchunguza adui. Uchunguzi ulichukua miaka, na mwisho wa wiki mke na watoto walimsaidia kuchunguza.

Magari ya kiwanda yalinunuliwa na ofisi za serikali tu, tena kwa amri. Mtu aliyetoa hela zake mfukoni alikuwa hajazaliwa, mpaka alipotokea kitinda mimba wa kwao Mama Skrubu. Kijana huyo alikuwa dereva wa watu, kazi ikaisha, akauza kiwanja alichoachiwa na baba yao ili anunue gari la teksi. Hakuwa na kingine. Ng'ambo ya barabara, mkabala na kiwanda, palikuwa na uwanja wa mitumba ya nje, magari yamejipanga yanang'aa. Aliupita bila kugeuza shingo, kwa sababu dada yake alifanya kazi upande huu.

Mkurugenzi nusura alie. Aliita mpiga picha, akasimamisha kazi, utepe ukafungwa kwenye boneti. Kijana akalizunguka gari, akafungua mlango, akaufunga. Ulilia kama droo ya vijiko. Akamtazama dada yake.

"Dada, wewe ndiye unayelikaza. Ukisema ndiyo, natoa hela hapahapa."

Kijana huyu alikulia mgongoni mwa Mama Skrubu, na kuvaa viatu alifundishwa naye. Na wale wanawake wote walikuwa wamesimama na bisibisi mkononi, wanamtazama mdomo. Mkurugenzi alikuwa akicheka kwa meno tu.

"Gari zuri," Mama Skrubu alisema. "Nunua."

Wakapigwa picha. Pichani Mama Skrubu alitoka kama mtu aliyeumwa na siafu akaambiwa atabasamu.

Abiria wa kwanza aliuliza kama kwenye buti kuna mashine ya kusaga. Wa pili alishuka kabla ya kufika, akalipa nauli nzima na shukrani juu. Mwingine alifika kwake akakuta skrubu kwenye mfuko wa shati. Habari zikaenea, na teksi ikawa inalala na njaa. Kijana hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililomtafuna dada yake.

Akaanza kupanda teksi hiyo kila asubuhi, ingawa kutoka kwake hadi getini hata jasho hutoki. Baadaye akawaleta na wenzake kwa zamu. Walilipa nauli, na njia nzima wakakaza milango wakiwa ndani. Mshahara waliopewa kwa kutia skrubu wakaumalizia kwenye kuzikaza upya. Mkurugenzi aliwaona wanaingia wamejaa, akatangaza gazetini kwamba wananchi wanaligombania gari lao.

Asubuhi moja walikuwa wawili tu. Kijana alisimama getini bila kuzima injini, maana kuiwasha tena ni kudra.

"Dada, siku ile ulijua?"

Angeweza kudanganya, alikuwa na uzoefu.

"Nilijua."

"Na hela zingekuwa zako, ungenunua lipi?"

Akaonyesha kidole ng'ambo ya barabara. Machozi yakamtoka. Alisema aliogopa kufukuzwa, aliwaogopea na wenzake, na kwamba tangu siku ile halali vizuri. Kijana alimwacha amalize. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu.

"Basi niombee kazi humo ndani," alisema. "Gari hili linawalisha wale tu wanaoliunda."

Mama Skrubu alijifuta uso kwa ukosi wa ovaroli, akalipa nauli, akashuka kwenda kugonga mlango wa Mkurugenzi. Njiani aligundua kwamba amefurahi kupata mwenzake wa kufunika kombe, akajichukia.